Mizani ya Mwaloni

Lushinge, weka chini bisibisi.
Najua umetoka Makoroboi na boksi kwapani,
ubao-mama unang'aa kama sangara wa sasa hivi,
na bosi ameshalipa, na risiti unayo.
Weka chini. Kwanza tuulizane
kama washenga wanavyoulizana
kabla ng'ombe hawajatoka zizini.

Mizani hii huongea kupitia waya mnene
wenye meno tisa.
Ubao wako, nimeugeuza mara tatu,
hauna ufizi wa meno hayo.
Utasema kuna kiunganishi cha kununua. Kipo.
Mwaka juzi tulikinunua:
gunia la kilo arobaini likasomeka kilo nne,
na mama Kalekwa wa Ukerewe akafungua kanga ya kiunoni,
akaifunga upya, akakaza,
nikajua leo ni leo.

Halafu leseni.
Programu ya kupimia ilinunuliwa kwa mashine moja,
hii hii, imeushika ubao huu kwa namba yake.
Ukiubadilisha, asubuhi itaamka
itutazame kama mgeni aliyekosea nyumba:
nyie ni nani?
Kibandiko kiko hapa ubavuni, soma mwenyewe.
Mafuta ya dagaa yamekula herufi ya saba:
B au 8?
Na ile ya kumi na mbili, sifuri au O?
Tumebakiwa na majaribio matatu, kisha inajifunga.

Nimepiga simu Dar es Salaam siku nne.
Ya kwanza muziki. Ya pili muziki.
Ya tatu binti mmoja, mpole kweli,
akaniuliza barua pepe iliyosajiliwa.
Nikamwambia ni ya Mazigo, karani aliyenitangulia,
aliyehamia Bukoba na nywila yake
kama mpangaji aliyeondoka na ufunguo wa choo.
Ya nne, muziki.

Mazigo nimempata. Siku hizi anauza vanila.
Amecheka, amefukua sanduku,
amenitumia picha ya daftari lililoliwa na mende:
ya saba ni 8.
Ya kumi na mbili hata yeye hajui.

Na hizo kumbukumbu ulizoleta ni za kizazi kingine,
tazama pengo lake, haliangukii kwenye soketi.
Usisukume.
Kinachosukumwa hapa Mwaloni ni toroli.

Sikiliza. Mwezi bado mwembamba, giza limeshiba.
Usiku taa za wavuvi zitawaka ziwani
kama mtaa mpya uliopata umeme kabla yetu,
na alfajiri magunia yatapanga foleni hadi getini.
Katika giza sibadilishi hata betri ya saa.
Ngoja mbalamwezi.
Penye mwezi dagaa hawadanganyiki na taa,
mitumbwi hulala kifudifudi,
kina mama huenda kusuka nywele,
nasi tutapata siku tano.
Siku moja ya kunakili kila kitu kwenye diski mbili,
moja ilale kwangu Kitangiri, moja kwako.
Siku moja ya kuivua leseni kwenye ubao wa zamani,
polepole, ungali hai,
maana maiti haitii sahihi.
Zinazobaki ni za makosa.

Bosi niachie mimi.
Nitamwambia hela yake haijazama,
imetia nanga tu.

Eti unauliza kama kuna chai. Ipo, na sukari ipo.
Lakini Lushinge, umeliweka wapi hilo boksi?
Ili upate nafasi ya kikombe
umelitua juu ya mizani,
na printa imekohoa, imevuta karatasi,
imechapa bila kuulizwa:
*Dagaa wakavu, daraja la kwanza,
kilo moja nukta mbili.
Muuzaji: hajulikani.*